A Moja, Jumapili Moja

Februari 9

Mwanangu,

Kabla hata ya salamu: hadithi uliyoletewa na shangazi yako siyo. Ile ya muuza mkaa siyo. Hata ile anayoisimulia jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye alikuwepo, alisimama na macho yake yote mawili, nayo siyo, maana aliingia katikati na akatoka kabla ya mwisho. Wote wanaisimulia kombo. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hiyo hadithi, nimekaa kwenye kiti changu, tupa mkononi, ufunguo wa mteja umebanwa kwenye jiliwa. Nisikilize mimi.

Haya, salamu sasa. Hujambo mwanangu? Sisi huku wazima. Goti la kushoto limeanza maringo, likitaka linakunja, lisipotaka hatuelewani. Shangazi yako amenunua redio, sasa hata akikugombeza inabidi usubiri taarifa ya habari iishe. Mwanao Msumari mzima, anarefuka tu, hanenepi, lile jina nililompa naona halitamtoka mpaka aolewe. Nakuandikia kwa mkono wangu kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu wewe unalia, mimi nakohoa, salio linaisha hatujaambiana kitu. Na huu mkono uutazame vizuri. Nimeingia darasa la kwanza nikiwa na miaka sitini na moja, nimekaa mkeka mmoja na mwanao, tunafuatisha herufi kwa kidole, leo naandika kurasa tatu bila kupumzika. Nionyeshe mzee mwingine mtaa huu.

Sasa hadithi yenyewe. Ripoti ya Msumari ilitoka, A tano. Ukasema kila A noti moja, basi nikafungua bahasha uliyotuma nikamhesabia noti tano hapa hapa kibandani, mbele ya wateja wawili, ili wajue huyu ni mjukuu wa nani. Kesho yake nimekaa nasoma gazeti lililofungiwa misumari. Nikasoma ukurasa mzima kwa sauti. Makosa mawili tu, na yote mawili ya mwandishi. Nikamwambia Msumari, haya mwalimu wangu, mama yako amesema anayejua analipwa, na mimi yangu iko wapi? Utani, mwanangu. Si unanijua? Yeye hakucheka. Akafikiri, akatoa noti moja mfukoni, akainyoosha kwenye goti, akanipa. Akasema, "Umepata A, Babu. Lakini mwandiko wako mbaya, kwa hiyo usizoee."

Nilicheka mpaka mteja akaangusha kufuli lake. Na ndio shangazi yako anaingia, anaona noti inatoka kiganja cha mtoto inaingia changu. Basi. Mji mzima sasa unajua kwamba fundi funguo anamnyang'anya mjukuu hela za shule. Nilimrudishia mtoto, akakataa, akasema ni yangu, nimesoma. Ndiyo iliyonunua daftari hili.

Utani pembeni, mwanangu, mimi jambo hili silipendi. Juzi nilimwomba anishikie taa nichungulie ndani ya kitasa, akaniuliza, hii nayo ina alama? Hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu. Mimi nilikaa kwa fundi miaka mitatu, mshahara wangu ulikuwa makofi, na leo hakuna mlango ulionifungia ukanishinda. Nani alinilipa nijue?

Amesikia mkataba wako unaisha Juni. Ameandika JUNI kwa chaki ukutani chini ya picha yako. Mimi sijasema kitu.

Baba yako

Machi 2

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma kwenye kitanda changu nikacheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza nimepata bwana gani. Nikawaambia ni baba yangu, ana A moja. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, mashuka. Yanakuja na malori asubuhi, ya mahoteli matatu na ya hospitali moja, yanaingia kwenye mashine, yanatoka yanafuka, tunayapitisha kwenye ile pasi kubwa ndefu kama meza ya harusi, mmoja huku mmoja kule, tunavuta, tunakunja. Tunakula vizuri. Chumba kizuri. Msalimie Shangazi, mwambie apunguze redio.

Baba, juu ya hili la kulipa, naomba unielewe na usinifanyie utani.

Nilipokuwa darasa la sita nilishika namba moja. Watoto sabini na wawili, mimi wa kwanza. Nilikimbia kutoka shule mpaka kibandani bila kusimama. Wewe uliifuta mikono kwenye suruali, ukaipokea ripoti, ukaishika juu chini. Ukaitazama muda mrefu. Ukasema vizuri, ukairudisha, ukageukia tupa. Sijawahi kukulaumu. Nilijua hujui kusoma. Ila siku ile nilitamani kitu nikishike mkononi, hata kama ni pipi, kinachosema huyu mtu ameona nilichofanya.

Mwanangu amefanya vizuri na mimi sipo. Siwezi kumshika kichwa. Siwezi kumtazama usoni akileta. Noti ndiyo mkono wangu, Baba. Sina mwingine unaofika huko.

Na hela hizo haziokotwi. Huku Jumapili ni mapumziko, lakini anayetaka anaruhusiwa kuja, analipwa pembeni. Mimi nakuja. Wenzangu wamelala, mimi nakunja shuka na namwona yeye na kalamu yake, ni kama tunafanya kazi meza moja. Msomee hivi, kwa maneno yangu haya haya: kila A yako ni Jumapili moja ya mama yako. Ajue tuko pamoja.

Habari za Juni tutaongea.

Wako mtiifu, binti yako

Machi 30

Mwanangu,

Barua yako imetembea kwa miguu nadhani, imefika jana imechoka. Sisi wazima. Goti limekubali yaishe. Shangazi yako amepunguza redio kwa siku moja, kwa heshima yako, kisha akairudisha.

Umesikia habari za kiwanda cha unga? Hujasikia. Mkubwa wao alifunga sefu, ufunguo ukabaki ndani ya sefu. Mafundi watatu wamekuja, mmoja ametoka mji mwingine na begi la vifaa kama daktari. Wameshindwa. Mimi nikaitwa wa nne. Nikaomba kiti, nikaomba wote watoke, nikaweka sikio. Dakika kumi na moja. Mkubwa alipoingia akanikuta nimekaa nakula karanga, sefu wazi. Alitaka kunibusu, nikamwambia alipe tu.

Sasa ile ripoti yako ya darasa la sita. Ni kweli niliishika juu chini, sikatai. Lakini ulipokwenda kucheza niliichukua tena kwenye mfuko wako. Siku ile nzima, kila mteja aliyeingia nilimwomba anisomee. Nikawaambia miwani yangu imevunjika. Mwenye kufuli alisoma, mwenye kitasa alisoma, hata mmoja aliyekuja kuuliza njia alisoma. Kumi na wanne walinisomea, namba moja kati ya sabini na wawili, na kila mmoja aliposoma nilijifanya ndiyo mara ya kwanza nasikia. Ukaikuta ina alama za grisi, ukalia kwamba nimekuchafulia. Basi ndio grisi ile. Hilo nimelinyamazia miaka ishirini na sita, leo ulisome halafu tusiliongee tena.

Msumari nimemsomea maneno yako kama ulivyoagiza. Akaniambia nirudie, akidhani nimekosea. Nikarudia. Akaichukua akasoma mwenyewe. Akauliza, kwani huko Jumapili watu hufanya nini? Nikamwambia hupumzika. Akauliza, na mama? Nikamwambia mama yako anakunja mashuka kwa ajili yako. Akaenda nje akafua soksi zake, tena zilikuwa safi.

Tangu siku hiyo ametulia kabisa. Haombi kitu, haulizi hii ina alama au haina, akirudi shule anakaa na daftari kimya. Nadhani yale maneno yamemwingia. Mimi ni mtu wa haki, nikishindwa nasema: labda wewe ndiye uliyekuwa sahihi na mimi ni mzee tu. Usimwonyeshe mtu mstari huu.

Juni, unasema tutaongea. Tuongee nini? Juni mtu anapanda basi anakuja. Lakini anayeuliza siyo mimi, ni Msumari.

Baba yako

Mei 17

Shikamoo Baba,

Wiki saba tangu uandike, sijapata tena hata mstari. Nimeandika Aprili mara moja, sijui kama ulipata. Natumaini wote wazima. Mimi mzima.

Ile ya grisi nimesoma mara nyingi. Umesema tusiliongee, basi siliongei.

Baba, hapa wameniita ofisini. Wananipa mkataba mwingine wa miaka miwili, na nitasimamia zamu ya pasi, watu kumi na wawili chini yangu. Mshahara unapanda. Karatasi iko mezani kwao, inasubiri sahihi yangu mpaka tarehe ishirini na tano Juni. Nimefikiri sana. Nikisaini, Msumari atasoma mpaka pale atakapochoka mwenyewe. Nikirudi sasa, ninarudi na nini? Sanduku na mikono. Akinitazama ataona nini alichokuwa anakingoja?

Miaka miwili si mingi. Ya kwanza mitatu imepita, hata sijui ilipitia wapi. Atakuwa na kumi na tatu.

Nahitaji kusikia kutoka kwako kwanza. Ripoti ya muhula imetoka, najua imetoka, watoto wa wenzangu wote wamepewa zao. Bahasha nimetuma na nimeongeza, nikijua hatapungua A tano. Mbona huniandikii? Wewe mtu wa maneno mengi ukinyamaza najua kuna ufunguo umekatikia ndani ya kitasa. Niambie.

Binti yako

Juni 1

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha, kibanda kimevuja upande mmoja, nimeziba. Shangazi yako anakusalimu, anasema anakuota. Jirani wa ukuta mmoja amepata mjukuu, amemtembeza mtaa mzima kama yeye ndiye aliyemzaa. Kuna mtu aliniletea kufuli kutoka nchi ya mbali, halina tundu la ufunguo, linafunguliwa kwa namba, akanicheka usoni kwamba hili hutaliweza. Nikaliweza. Nitakueleza siku nyingine jinsi nilivyoliweza.

Naona nazunguka zunguka. Haya.

Ripoti ilitoka Aprili mwishoni. Nimeikalia. Hakuna A, mwanangu. Hakuna hata moja. Hesabu thelathini na moja katika mia. Sayansi ishirini na nane. Mwenzake anayekaa kulia kwake darasani, ambaye anaandika jina lake kwa kubahatisha, amempita.

Nilidhani anaumwa. Shangazi yako akadhani ni utukutu, akazima redio kabisa, hapo ukajua mambo ni mazito. Mwalimu wake akaniita. Sijawahi kukanyaga darasani maisha yangu yote, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamenifika kidevuni, nikavua kofia. Mwalimu binti mdogo, ana adabu, akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Akaniwekea mtihani wa hesabu mezani.

Sasa mimi nisikilize, maana hapa ndipo baba yako alipoonyesha yeye ni nani. Nilivaa miwani, nikaiinamisha ile karatasi dirishani kama ninavyoinamisha ufunguo kutazama meno. Nikaona pamefutwa. Kila hesabu, mstari wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu sawa, na jibu limefutwa na kifutio likawekwa jingine. Ukipapasa na kucha unalisikia la zamani chini. La zamani lilikuwa sahihi. Mwanafunzi akichonga ufunguo vibaya, makosa yako kila mahali. Huu una kosa moja tu, jino la mwisho, kila mara jino la mwisho. Huu umeharibiwa na fundi. Nikamwambia mwalimu, huyu mtoto anajua kuliko wewe unavyodhani, anajua mpaka anajua pa kukosea. Mwalimu akapapasa na yeye. Akakaa chini.

Nilimngoja Msumari kibandani. Sikumgombeza. Nikamweka kwenye kile kiti cha wateja, nikamwonyesha ile karatasi, nikamwambia fundi hadanganywi na fundi. Kisha akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema, sijagusa:

"Mama ana Jumapili nne kwa mwezi. Mimi nilimchukulia tano. Ile ya tano sijui aliitoa wapi."

Nikamwambia hesabu haiendi hivyo. Akaniletea barua yako, akaniwekea kidole pale. A moja, Jumapili moja. Amesema akipata sifuri zote wewe utalala. Na kwamba ukilala hutakuwa na cha kulipia kukaa huko, basi watakuambia urudi. Alikwisha kupanga yote, mwanangu, miezi miwili yuko peke yake na mpango wake, na mimi nimekaa pale na miwani yangu nakuandikia kwamba ametulia.

Ndiyo sababu sikuandika. Ningeandika nini? Kwamba mtoto ameangushwa na maneno niliyomsomea mimi, kwa ulimi wangu huu niliojivunia umejua kusoma?

Nimemwambia aache.

Na kuna jambo jingine dogo. Kitasa cha mlango wetu wa nyumba, ulikiacha kinalalamika, sasa kinakata roho. Lazima unyanyue mlango kwa mguu ndipo kikubali. Wateja wananicheka, fundi funguo mlango wake unafungwa kwa kuombewa. Nikaleta kipya, kizito, cha chuma kizuri. Bisibisi iko mkononi, skrubu mbili nimekwisha kuzitoa, Msumari akaja akasimama mlangoni, mikono kila upande. Akasema, "Ukibadilisha, mama atafungua na nini?" Maana ufunguo wa kile cha zamani uliondoka nao wewe.

Nimekiacha cha zamani.

Karatasi yako ya miaka miwili ni yako. Mimi mikataba sijafika darasa hilo. Ukiona inafaa saini, ukiona haifai usisaini.

Baba yako

Juni 16

Baba,

Sijui nianze wapi hata salamu. Shikamoo.

Nimeisoma nimesimama chumba cha kukaushia, kuna joto, nikawa sijui kama ni jasho. Msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni mwanangu amepata thelathini na moja.

Sikusaini. Nimeenda leo mchana nimewaambia. Wamesema nifikiri mpaka tarehe ishirini na tano, nikawaambia nimeshafikiri.

Nikuambie na yangu niliyoyakalia. Chumba si kizuri. Tuko sita, vitanda vya juu na chini, dirisha moja halifunguki. Mwaka jana Septemba pasi ilinishika mkono wa kulia, juu ya kifundo, ndiyo maana barua za miezi ile mwandiko ulikuwa wa ajabu na nikakudanganya kwamba ni kalamu. Kumepona, kumebaki kovu. Jumapili sijapumzika tangu Oktoba. Nilikuwa najiambia nafanya kwa ajili ya A za mwanangu. Nikilala Jumapili, Baba, nafikiri. Nikikunja sifikiri. Nadhani nilikuwa namlipa mtoto ili nisisikie kimya cha siku ile moja.

Ile hesabu yake ya tano nimeibeba, nitaibeba mpaka nitakapozikwa. Lakini iliyonivunja ni ya kitasa. Unajua nilichokuwa naogopa? Siyo kurudi bila kitu, hilo nilikuandikia ili nisiandike lingine. Nilikuwa naogopa kwamba amezoea. Miaka mitatu ni mingi kwa mtoto. Nilikuwa naona nitafika mlangoni nibishe hodi kama mgeni, afungue aniambie karibu, akae pembeni na adabu zake. Sasa unaniambia amesimama mlangoni mikono kila upande ananilindia tundu la ufunguo. Ufunguo huo ninao. Uko kwenye kamba moja na wa kabati la kazini, ninauvaa shingoni. Usiku ule nilioandika kwamba miaka miwili si mingi, nilikuwa nimeushika.

Mwambie malipo yamekwisha. Mwambie hakuna A inayolipwa tena na hakuna Jumapili inayochukuliwa. Mwambie hakukosea hesabu, aliyekosea ni mimi niliyemwandikia. Asome kwa sababu anajua, basi, na akitaka kukosea akosee kwa haki yake.

Mkataba unaisha tarehe thelathini. Nasubiri mshahara wa mwisho, nitaondoka Julai kumi na moja.

Kama mtoto bado ananiachia mlango, nitaufungua mwenyewe.

Binti yako

Juni 29

Mwanangu mpenzi,

Hii nimeitoa posta nikampa dereva wa lori la mbao anayepita karibu na hapo kwenu, nimemchongea funguo mbili bure ili aifikishe kabla hujafunga sanduku. Lazima uipate kabla. Sisi wazima wote.

Kovu lako tutalizungumza ukija. Ninalo moja la tupa, tutalinganisha, langu ni kubwa.

Msumari nimemwambia kila neno. Alisikiliza, akauliza, sasa nikipata A hakuna anayenyang'anywa kitu? Nikamwambia hakuna. Akauliza, hata nikipata tano? Hata ukipata kumi. Akauliza utakuja na basi la saa ngapi, nikamwambia sijui, akaniuliza sasa mimi najua nini. Akachukua daftari. Juzi mwalimu kawapa zoezi la hesabu, kapata tisini na sita, akaja akaniwekea mezani na akaniambia hii ni ya bure. Nikaifuta mikono kwanza. Nikaishika sawasawa, nikaisoma yote mpaka sahihi ya mwalimu, kwa sauti, hakukuwa na mteja lakini nikasoma. Nikamshika kichwa. Nimekushikia na wewe.

Sasa kuna jambo.

Shangazi yako anasema kila hadithi yangu naitia chumvi. Ananionea. Huwa naitia mahali pamoja tu, mahali ambapo bila hivyo isingelika. Sefu ya kiwanda ilikuwa dakika kumi na moja, waulize. Wateja walionisomea ripoti yako walikuwa kumi na wanne, niliwahesabu. Na zile Jumapili tano ni za Msumari, kila neno, mwanangu, ningejifunzia wapi mimi kusema vile? Anakungoja. Hilo usilitilie shaka hata kidogo, JUNI yake ukutani amefuta akaandika 11.

Ila ulivyoandika kwamba kilichokuvunja ni kitasa, sikulala vizuri. Umeacha mkataba kwa sababu ya kitasa. Nikasema mtu asipande basi safari ndefu hivyo kwa neno ambalo halikusemwa. Karatasi yao bado wanaweza kukupa, najua hawa watu, hawamwachi mfanyakazi mzuri. Kwa hiyo soma hili, halafu uamue upya, na ukiamua kukaa sitakuwa na kinyongo.

Kitasa ni kibovu kweli. Kipya nilikileta kweli. Bisibisi ilikuwa mkononi na skrubu mbili nilikwisha kuzitoa. Lakini Msumari hakusimama mlangoni. Msumari ndiye aliyenishikia taa. Alisema, "Babu, badilisha tutaibiwa. Mama utamchongea mwingine, kwani wewe si fundi?"

Na ni kweli. Ufunguo kama ule ni dakika nne.

Ni mimi niliyezirudisha zile skrubu. Nilimwambia bisibisi imekuwa butu. Akaichukua akaitazama ncha, akanitazama mimi, akazima taa.

Baba yako